Mtungi Uliorudi Mtupu

Mimi ni mwoga. Nalisema mwenyewe mapema, asije mtu wa Kitahana akanitangulia. Naogopa radi, naogopa mbwa wa padri, na kuliko vyote namwogopa mtu aliyevaa sare. Mwaka wa sabini na mbili tulivuka kutoka Burundi, mimi binti mdogo nimeng'ang'ania nguo ya mama yangu, na waliotufukuza walivaa sare. Tangu hapo hata mgambo akipita sokoni na kirungu chake kudai ushuru, tumbo linanikata. Watu hunicheka. Wacheke tu. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, na mimi mashujaa nimewazika wengi.

Sasa tazama Mungu alivyo na utani: mwoga huyu akazaa jaji.

Niliolewa na Mha wa hapahapa Kitahana, mkulima wa maharage, siku hizi ni marehemu, na mtoto wetu wa kwanza ndiye Evaristi. Alisoma shule ya msingi hapa, sekondari Kasulu, sheria akaenda kuisomea Dar es Salaam. Akawa hakimu, wakamhamisha wilaya hii, wakamhamisha ile, nywele zikaanza mvi akiwa bado anahamishwa. Siku alipoapishwa ujaji wa Mahakama Kuu majirani walinipeleka dukani kwenye televisheni. Nikamwona mwanangu amesimama, na nyuma yake askari wamenyoosha migongo. Nikapiga yowe, "Jamani, wamemkamata!" Duka zima likaanguka kicheko, na mpaka leo kuna watu wakiniona wanauliza kama ameshaachiwa.

Evaristi aliposimuliwa hakucheka. Alinipigia simu akasema, "Ntutinye, mawe." Ndiyo lugha yetu ya nyumbani: usiogope, mama. Hilo ndilo neno lake kwangu tangu mdogo. Ngurumo zilipoanza milimani yeye ndiye aliyenishika mkono, wala si mimi niliyemshika yeye.

Mwaka huu Mahakama Kuu ilipanga kikao cha kesi za mauaji Kasulu, na jaji aliyeletwa akawa yeye. Akanipigia kabla hajafika.

"Mawe, nitakuwa karibu lakini sitakuja. Nikiwa kwenye kikao sili kwa mtu wala silali kwa mtu, hata kwako. Na wewe usipokee kitu kwa mtu usiyemjua."

"Hata sukari?"

"Hata chumvi."

Amri ile niliishika vizuri. Bwana mmoja alikuja na mbuzi, eti zawadi ya msimu. Nikamwambia mbuzi nina mzio nao, na wangu wawili wanalia palepale zizini. Mama mmoja wa mjini akaja na kitenge kikiwa bado na karatasi yake. Nikakitamani, Mungu ananiona, nikamrudisha nacho. Nikajiona mwanamke hodari kabisa.

Halafu akaja Dorcas.

Dorcas si mtu nisiyemjua. Tulivuka pamoja, tukalalia jamvi moja, tukaolewa vilima viwili vinavyotazamana. Alifika alasiri amepakizwa kwenye pikipiki, mtungi wa pombe ya mtama kaukumbatia kifuani na mirija miwili kaishika mkononi. Dereva wake alibaki nje na kofia yake ya pikipiki, sikumwangalia sana.

Hapa lazima nieleze, maana watu wa mbali hawajui. Kwetu pombe hutangulia na neno hufuata. Mgeni akikuletea mtungi, unatia mrija na kunywa kwanza. Kumuuliza "umekuja na neno gani?" kabla hujanywa ni ufidhuli, ni kama kumwambia hukumtaka yeye, ulitaka habari zake tu. Mtungi ukifika nusu ndipo mwenyewe anasema, na wewe uliyekunywa unalibeba neno lake. Mtungi hubaki kwako. Ukiurudisha na kitu ndani, unga au maharage, umekubali. Ukiurudisha mtupu umekataa, na hapo mmemalizana mpaka kaburini. Katika maisha yangu yote nilikuwa nimeona mtungi mtupu ukirudi mara moja tu, na wale watu hawakuzikana.

Siku hizi pombe hubebwa kwenye dumu la plastiki. Nilipouona mtungi wa udongo ilipasa nishtuke. Badala yake nikafurahi, nikawaza Dorcas anamwoza mjukuu wake na ameniona mimi mtu wa kushauriwa. Sifa ni kitu kibaya. Tukainama, vichwa vikakaribia kugusana, tukanywa na kucheka mambo ya zamani.

Mtungi ulipofika nusu akaweka mrija kando.

"Kezia, unamkumbuka Leonidasi, mtoto wa kaka yangu, yule wa Kagerankanda?"

"Namkumbuka," nikasema, na mrija uko mdomoni.

"Yuko ndani. Wanasema alimuua jirani yake kwa ajili ya mpaka wa shamba. Kesi iko mbele ya Evaristi."

 Nilimtazama usoni, yeye akatazama chini.

"Neno la mtungi ni hilo tu," akasema. "Mwambie mwanao amtazame kwa jicho la mzazi. Wakimtia hatiani ni kunyongwa, Kezia, hakuna kifungo. Nimemlea yule mtoto."

Kabla sijajibu, yule dereva akawa ameingia ndani na simu mkononi. Sasa nikamtambua: Reverien, mdogo wake Leonidasi, anayenunua maharage huku na kuyavusha mpaka wa Burundi pale Manyovu. Akanionyesha kioo cha simu. Pale kulikuwa na vibibi viwili vimeinamia mtungi mmoja, na mmoja ni mimi, nacheka mpaka pengo linaonekana.

"Imetoka poa, Mama Jaji," akasema kwa upole, na upole wake ndio ulionitisha. "Kaka akitoka, naifuta. Kaka akitiwa kitanzi, nchi nzima itaiona. Waone mama wa jaji anavyokunywa pombe ya mshtakiwa. Halafu wataanza kuuliza tena nyinyi ni watu wa wapi."

"Reverien, hatukukubaliana hivyo," Dorcas akasema.  Yule kijana akatoka kuwasha pikipiki. Dorcas akamfuata, na mtungi ukabaki kwangu kama desturi inavyotaka.

Niseme nini juu ya siku zilizofuata? Niliogopa. Niliwahi kuogopa kwa sababu ya nafsi yangu, na huo ni woga niliouzoea, ninajua unapoanzia na unapoishia. Woga wa kumwogopea mtoto hauna mwisho. Nilikitoa cheti changu cha uraia chini ya godoro, nikakitazama, nikakirudisha, nikakitoa tena. Chakula kilikuwa udongo mdomoni. Nikilipeleka neno la Dorcas, mwanangu anakuwa jaji wa kununuliwa kwa pombe ya mtama. Nikikaa kimya akamtia hatiani Leonidasi, picha inatoka, na anakuwa huyohuyo. Akimwachia kwa haki kabisa, picha ikija kutoka, ndiyo mbaya kuliko zote. Kazi ya maisha yake yote ilikuwa kwenye simu ya Reverien, na niliyeiweka humo ni mimi na mdomo wangu.

Nikampigia Evaristi. Simu ikaita mpaka ikachoka. Nikapiga tena kesho yake, ikaita, haikupokelewa. Jambo hilo halikuwahi kutokea. Mwanangu hata akiwa mkutanoni hunitumia ujumbe: nitakupigia, mawe. Safari hii kimya. Nikajiambia ni kazi. Mtungi ulikuwa pembeni ya mlango, mdomo wazi, na kila nilipopita niliuzungukia mbali.

Mwishowe nikaamua, na sijui niseme ni ushujaa. Maji nilikwisha kuyavulia nguo. Nilimwaga pombe iliyobaki, nikausuuza mtungi, nikauanika juani ukakauka. Dorcas alikuwa Kasulu, anahudhuria kesi kila siku. Na mtungi haurudishwi kichochoroni, unarudishwa mikononi mwa mwenyewe, watu wakiona. Nilifikiri nikiurudisha mbele za watu, picha ya Reverien itakuwa nusu ya hadithi, na nusu nyingine watu watakuwa nayo wao. Hapo ndipo akili yangu ilipoishia.

Nikapanda basi la asubuhi kutoka Kibondo, nimeupakata mtungi. Mama wa kiti cha pili akaniuliza, "Unapeleka harusini?" Nikamwambia ndiyo. Alipoinama akaona ndani hakuna kitu, akahama kiti.

Kasulu nilitaka kumsubiri Dorcas uani, nje ya jengo la mahakama, lakini nilichelewa na wote walikuwa wameshaingia. Mlangoni kulikuwa na askari mwenye bunduki.  Nakumbuka niliutazama mkanda wake wa ngozi, ukawa mkanda wa yule mwingine wa zamani, na nikasikia harufu ya nyumba zinazoungua, wallahi nilisikia. Nikageuka kuondoka. Nikapiga hatua kadhaa, nikasimama, nikarudi. Nikageuka tena. Askari akawa ananitazama kama mtu aliyerukwa na akili.

"Bibi, umepotea?"

"Naingia ndani, mwanangu."

"Na mtungi? Mna nini humo?"

"Hamna kitu."

"Uache hapa."

"Siwezi kuuacha. Ndio uliokuja, mimi nimeusindikiza tu."

Akaweka mkono kwenye mtungi. Na mimi, ambaye kwa sare nakojoa hata kwa mbali, nikauvuta. Akavuta, nikavuta, nikapiga kelele ambayo sikujua ninayo. Ndani mazungumzo yakakatika. Vichwa vyote viligeuka mlangoni, na mbele kabisa, juu, nikamwona Evaristi amevaa joho lake jekundu. Sikuwahi kumwona nalo kwa macho yangu. Alikuwa amekonda, na macho yake yalikuwa ya mtu asiyelala.

"Mwacheni apite," akasema.

Nikapita. Leonidasi alikuwa kizimbani, mrefu, mikono kaishika mbele, ananitazama bila kunielewa. Benchi la kwanza alikaa Rosa, mjane wa yule aliyeuawa, mtoto mgongoni. Nilimjua kwa nguo zake za msiba. Dorcas alikuwa benchi la tatu na Reverien kando yake. Nikatembea mpaka pale nikamwekea Dorcas mtungi mapajani, mdomo chini.

 Watu wa kule wote walielewa, Waha na sisi tuliovuka, wazee kwa vijana. Dorcas akafunika uso kwa kanga. Reverien akaingiza mkono mfukoni, halafu akautoa mtupu.

Wakili wa Serikali alikuwa dada kutoka pwani, hakuelewa hata kidogo. Akasimama. "Mheshimiwa Jaji, naomba mahakama ifahamishwe kinachoendelea."

Evaristi aliutazama mtungi. Nikaanza kuogopa kwamba hatasema.

"Maana yake," akasema, "upande wa mshtakiwa ulipeleka pombe, pombe ikanywewa, na neno lake limekataliwa."

"Na bibi huyu ni nani?"

"Ni mama yangu mzazi."

Ukumbi ukavuma. Akagonga meza. Akasema, kwa sauti ile ya kazini ambayo mimi huijua kwa redio tu, kwamba anajitoa katika kesi ile, jalada lirudi Kigoma lipangiwe jaji mwingine, mshtakiwa arudishwe mahabusu, na polisi wachunguze waliokwenda nyumbani kwa mama wa jaji. Karani akaita watu wasimame. Mwanangu akatoka kwa mlango wa nyuma bila kunitazama.

Uani nilisimama sijui pa kwenda. Rosa akanijia. Nilinyoosha mikono yote miwili nimpe pole, hakuipokea.

"Nimeshasema yote mule ndani," akasema. "Nimeonyesha panga, nimesema damu ilivyokuwa. Sasa nitaambiwa nianze upya mbele ya mwingine. Kwa sababu ya kiu yako, bibi."

Alikuwa na haki. Nilitaka kumweleza habari za desturi, nikaona ni upuuzi. Akaondoka, mtoto wake akanitazama mpaka walipokata kona. Dorcas naye alipita kando yangu akiwa na mtungi wake, mzee mwenzangu, mwenzangu wa jamvi moja, na hatukusemeshana. Hatutasemeshana tena. Nimejaribu kuzoea, sijazoea.

Evaristi alikuja Kitahana siku ya Jumamosi, hana joho, hana walinzi, akavaa sweta la marehemu baba yake alilolikuta kwenye kamba. Nilimpikia ugali wa muhogo na maharage. Nikasubiri anigombeze. Hakunigombeza, na hakula.

"Nisamehe, mwanangu," nikaanza. "Nilikupigia simu nikuambie, hukupokea."

"Niliiona inaita."

"Ulikuwa na kazi."

"Sikuwa na kazi, mawe." Akaisukuma sahani kando. "Picha nilikuwa nayo. Reverien alinitumia jioni ileile uliyokunywa."

Nilifikiri sikusikia vizuri. Nikamwomba arudie, akarudia.

"Na ukaendelea kukaa pale juu?"

"Nikaendelea."

"Ukawasikiliza mashahidi? Ukamsikiliza Rosa?"

"Nilimsikiliza." Sauti ilikuwa ndogo, ya mtoto aliyevunja chungu. "Kila asubuhi nilisema leo nitajitoa. Halafu nilikuwaza wewe. Ningesema tu, polisi wangekuja hapa kuchukua maelezo yako. Wangekuja na gari, na sare. Ninajua ulivyo ukiona sare. Niliogopa moyo wako utasimama."

Woga wangu mimi! Ndio aliokuwa akiulinda, na kwa kuulinda alikuwa anaiua kazi yake na kumdhulumu mjane. Hasira ikanipanda, hasira ambayo sikuwahi kuwa nayo kwake hata alipokuwa akiiba sukari.

"Mimi ni mwoga wa kuzaliwa," nikamwambia. "Wewe ni mwoga wa kusomea. Mimi sina joho, Evaristi. Mimi naruhusiwa. Nani alikutuma uogope kwa niaba yangu?"

 Nje mbuzi walikuwa wanalia, hawajafunguliwa. Baadaye akasema kilichomleta.

"Wakubwa wangu wameniita Dodoma. Wataniuliza nilijua lini. Nikisema nilijua siku ile ulipoingia na mtungi, yameisha, nitaonekana jaji safi, pengine watanisifu. Reverien ameshakamatwa, yuko ndani, na hawezi kusema alinitisha, atajiongezea kosa. Ni mimi na wewe tu tunaojua."

"Na ukisema kweli?"

"Naweza kuvuliwa joho."

Akanitazama. Mtu mzima, mvi kichwani, jaji wa Mahakama Kuu, ananitazama mimi niliyeishia darasa la tatu nimwambie la kufanya. Nami nilijua anachotaka nimwambie. Kilikuwa tayari kwenye ulimi. Nyamaza, mwanangu. Nani atajua? Tumenyamaza mangapi tangu tuvuke, na tuko hai. Nilikumbuka ile miaka ya kuhamishwahamishwa, karo ambazo kuzilipa baba yake aliuza mpaka baiskeli, duka lililocheka. Vyote hivyo viwe bure kwa siku chache za kukaa kimya?

Lakini mchelea mwana kulia hulia yeye. Na Rosa alikuwa ameshalia, wala hakuwa ndugu yetu.

"Mtungi haurudishwi na kidogo kimebaki chini," nikasema. "Nenda ukaseme yote."

Nilikuwa nimeikalia mikono yangu, asijue ninavyoogopa. Akainamisha kichwa. Kisha akaivuta sahani, akala maharage yaliyopoa, akayamaliza yote.

Aliondoka kesho yake baada ya misa. Tangu hapo kila gari likipunguza mwendo barabarani nilisimama mlangoni nimeshika moyo. Polisi walikuja kuchukua maelezo, kama alivyoogopa, wawili na sare zao. Nikawapa viti, nikawapa maji, nikawaeleza yote tangu mirija. Mkojo ulinitoka kidogo, nisidanganye, lakini moyo haukusimama.

Jana simu ikalia. Ni yeye.

"Nimesema, mawe. Yote."

"Wamesemaje?"

"Wameniambia nisubiri. Nimesimamishwa kazi mpaka waamue."  Nilisikia anavuta pumzi, na pumzi ilikuwa inakatikakatika. "Mawe, naogopa."

Katika maisha yake yote hakuwahi kuniambia hivyo. Nilikaa chini mlangoni, pale mtungi ulipokuwa, na mimi mwenyewe meno yakigongana nikamwambia, "Ntutinye, mwana wanje. Ntutinye."